Tatu Yenye Paa

4 Februari

Shangazi,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Kila neno la humu ni siri yangu na yako. Usimsomee mtu, usimdokezee baba, na ukimaliza uifiche barua hii mahali ambapo hata panya hawapajui. Simu sitaki. Kuta za nyumba yetu unazijua ni mbao tupu. Ukikohoa chumbani, baba anakupa pole kutoka sebuleni.

Shikamoo. Sisi tu wazima. Baba goti bado linamsumbua, anapanda ngazi tatu za barazani kisha anasimama kutazama nyuma kama aliyevuka mlima. Mama aligombana na jirani kwa sababu ya kuku, wakapatana siku ileile, kuku mwenyewe hana habari. Mdogo wangu amefaulu mtihani na sasa anatembea kama anayesubiri kuamkiwa. Wote wanakusalimu, ingawa hawajui kwamba nakuandikia.

Shangazi, mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka. Nikibeba ndoo hautetemeki, nikila hautetemeki. Nikishika kalamu tu ofisini, unaanza. Zahanati wameupima, wamesema mkono ni mzima, nitafute kitu cha kutuliza kichwa. Ndipo nikakukumbuka kwenye msiba wa bibi. Watu walikuwa wanalia, wengine wanagombea masufuria, wewe umekaa pembeni na gazeti, unajaza tarakimu kwenye vile vyumba vidogo. Mkono wako ulikuwa umetulia kama wa mtu anayepiga pasi.

Nifundishe sudoku. Nimejaribu peke yangu. Juzi nilinunua gazeti, nikajaza kwa kalamu ya wino, nikafurahi, nikafika chumba cha mwisho nikakuta mstari mmoja una saba mbili. Karani mzima, mwenye cheti ukutani, nilitaka kulia juu ya saba.

Kwa nini mkono unatetemeka, sitaandika. Nijibu kwa sanduku la barua la ofisi, namba nimeiweka nyuma ya bahasha. Barua za nyumbani baba huzifungua zote, kwa moyo mweupe kabisa.

Mimi,
mtoto wa kaka yako

*

21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mlango nimeufunga, na panya wa hapa hawajui kusoma.

Mimi ni mzima. Kibanda changu cha madaftari na kalamu kinaendelea, shule zimefunguliwa na watoto wameanza kupoteza vifutio, Mungu awazidishie. Jino lililonisumbua nimeling'oa. Mwambie baba yako goti halitibiwi kwa kulitazama. La, usimwambie, nimesahau ni siri.

Sasa sikiliza. Kosa lako la kwanza si zile saba mbili. Kosa lako ni wino. Tupa kalamu, chukua penseli, ichonge vizuri.

Kila tarakimu kuanzia moja hadi tisa inaishi mara moja tu katika mstari unaolala, mara moja katika mstari unaosimama, na mara moja katika chumba kikubwa chenye nafasi tisa. Hiyo ndiyo sheria yote, nyingine ni subira. Ukifika penye nafasi tupu usiulize "niweke nini?" Uliza "nani hawezi kukaa hapa?" Wafukuze mmoja mmoja. Akibaki mmoja, huyo ndiye mwenye nyumba. Wakibaki wawili, waandike wote wawili kwa penseli, wadogo kabisa, pembeni mwa nafasi, uende zako. Utarudi.

Na usikisie. Hili nakuandikia mara moja, ulishike. Ukikisia, kosa halikuumi papo hapo. Utajaza nafasi ishirini juu yake na zote zitaonekana zimekaa sawa. Linakungoja mwisho, na hapo huwezi tena kujua lilianzia wapi.

Nimekuchorea fumbo jepesi nyuma ya karatasi hii. Nirudishie likiwa limejaa, na alama zako za penseli usizifute. Nataka kuona ulivyofikiri.

Sikuulizi kuhusu ofisi.

Shangazi yako

*

12 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Baba ametengenezewa fimbo na fundi seremala, ila anaibeba kwapani kama mwavuli, hataki kuonekana anaiegemea. Mama anakohoa kidogo. Mdogo wangu anataka kusomea sheria kwa sababu anapenda kubishana.

Fumbo nimelimaliza, limo humu. Lilinichukua siku nne. La gazeti la Jumamosi lilinichukua mbili, na la wiki hii nimelimaliza wakati wa chakula cha mchana, chai ikapoa. Kuna raha moja ambayo sikuitegemea: ile nafasi iliyokushinda asubuhi, ukiiacha ukajaza kwingine, unarudi unakuta imejijibu yenyewe.

Mkono bado. Nimeamua nikueleze, maana nisipomweleza mtu nitalieleza kabati.

Mimi niko masijala ya ofisi ya ardhi. Ni chumba kirefu chenye dirisha moja, rafu hadi darini, na harufu ya karatasi iliyolowa ikakauka. Madaftari ya zamani ya viwanja yanachakaa, kwa hiyo nimepewa kazi ya kuyanakili kwenye daftari jipya. Kwa wino. Daftari jipya likipigwa muhuri, ya zamani yatachomwa.

Katika daftari la miaka ishirini na miwili iliyopita kuna ukurasa wa kiwanja cha fundi mmoja wa viatu. Kitalu ni hiki cha karibu na soko, chenye viwanja tisa, namba thelathini na moja hadi thelathini na tisa. Namba ya kiwanja chake inaanza na tatu. Tarakimu ya pili imetapakaa wino. Ni doa. Inaweza kuwa tatu, inaweza kuwa nane.

Fundi viatu alishafariki. Binti yake ni fundi cherehani, anashona hapohapo kwenye kona, nyumba ya matofali na veranda yenye cherehani mbili, namba thelathini na tatu. Amekulia humo. Sasa ametokea mtu mwenye karatasi anayesema kona hiyo ni yake, na kwamba fundi viatu alipewa thelathini na nane. Thelathini na nane, Shangazi, ni shimo lenye magugu na vyuma vyenye kutu. Baraza la ardhi litasikiliza shauri hilo tarehe 27 Juni, na litatazama daftari jipya.

Mkuu wa masijala aliniita. "Ukurasa ule andika nane," akasema, kama anayeniagiza maji ya kunywa. Nikasema, "Mkuu, haisomeki." Akasema, "Ndiyo maana nakusomea."

Nikarudi mezani. Sikuandika nane. Nilifanya ulivyonifundisha: niliweka 3 na 8 kwa penseli, ndogo kabisa, pembeni mwa nafasi, nikaendelea na kurasa nyingine. Alipoziona alicheka mpaka miwani ikateleza. Tangu siku hiyo ofisi nzima inaniita Penseli. "Penseli, lete faili." "Penseli, umechongwa leo?" Nacheka nao. Lakini kila asubuhi ananiuliza kama nimeshamaliza ule ukurasa, na siku hizi hacheki.

Kila Jumatano fundi cherehani huja dirishani, sindano bado zimechomekwa kifuani. Huuliza neno lilelile: "Karani, nimekuja kuangalia kama namba yangu imepona." Nami humjibu, "Bado, mama." Juzi akanitazama sana akasema, "Mbona wewe ndiye unayeonekana mgonjwa?"

Nifanye nini, Shangazi?

Mimi,
Penseli

*

9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Je, barua yangu ya mwezi uliopita ulipata? Wiki nne zimepita, na wewe hujawahi kuchelewa hata kwenye harusi. Kama nimekukosea kwa kukuletea mambo ya ofisi, nisamehe, sitarudia. Nitumie fumbo tu.

Mama amepona kikohozi. Mafumbo ya kati nayamaliza sasa, magumu bado yananishinda: nafika mahali kila nafasi ina wawili wawili na hakuna anayetaka kutoka.

Mkuu amenipa hadi mwanzo wa Juni kuweka wino.

Penseli

*

23 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Ni mzima. Nilikuwa na mafua.

Unaposema wako wawili wawili, tazama vizuri. Ukikuta katika chumba kimoja nafasi mbili, na zote mbili zina tarakimu mbili zilezile, hao naita mapacha. Hujui nani amelala wapi, lakini unajua jambo moja kubwa: hakuna mwingine yeyote mwenye haki ya kuingia hapo. Kwa hiyo wafute kwingine kote chumbani. Watu hudhani mapacha ni kikwazo, kumbe ndio ufunguo.

Na ukitaka kuwatenganisha mapacha, usiendelee kuwakodolea macho wao. Chumba hakitakwambia. Fuata mstari utoke nje ya chumba, nenda kwa majirani.

Nimekuchorea moja gumu nyuma, na mapacha wa tatu na nane nimekuwekea alama zao. Lifanye kwa utulivu.

Kuhusu ulilouliza, sina la kusema. Kula vizuri.

Shangazi

*

8 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Usijibu tena kwa sanduku la ofisi. Nyuma ya bahasha nimeandika anwani ya kinyozi wa jirani na ofisi, ni mtu wa midomo mizito, jambo la ajabu kwa kinyozi.

Nyumbani ni wazima. Naanza kwa hilo kwa sababu ndilo jema pekee.

Barua yako ilifika mezani kwangu imefunguliwa, gundi mpya bado mbichi. Baadaye kidogo nikaitwa, nikaambiwa niende nayo. Mkuu alikuwa amefunga mlango, jambo ambalo hafanyi kwa sababu ya joto. Aliiweka karatasi yako mbele yake, upande wa fumbo ukiwa juu.

"Penseli. Hii ni nini?"

"Ni sudoku, Mkuu."

"Nimekuuliza ni nini, sijakuuliza ni nani."

"Ni mchezo, Mkuu. Wa tarakimu. Uko hata gazetini."

"Mchezo." Akaweka kidole juu ya nafasi moja. "Tatu na nane. Tatu na nane tena. Hizi ni namba za viwanja. Unampelekea nani habari za ofisi hii?"

Nikamwapia. Nikachukua gazeti la juzi kutoka kikapuni kwake nikamwonyesha ukurasa wa mafumbo. Nikaanza kumweleza kuhusu mstari unaolala na mstari unaosimama, sauti ikinipanda kama ya mtoto. Wala hakunisikiliza. Alikuwa ameinamia karatasi, ameisogeza karibu na dirisha, anazitazama tarakimu moja moja. Uso ukambadilika, Shangazi. Nilidhani atanipiga. Badala yake akauliza polepole:

"Nani ameandika hizi?"

"Shangazi yangu."

"Shangazi yako yupi?"

"Ninaye mmoja tu, Mkuu."

Akakaa. Akaniambia nitoke. Nilipofika mlangoni akasema, "Unajua, Penseli, karani aliyetoa siri za masijala analala wapi? Halali kwao." Karatasi akabaki nayo.

Nilirudi mezani. Sikuelewa kwa nini mtu aogope mwandiko. Basi nikafungua droo, nikatoa barua yako ya Februari, nikaitazama kama alivyotazama yeye. Tatu zako, Shangazi, si za mviringo. Zina mstari mnyoofu juu, na kona kali, kama paa la banda. Nane zako ni viduara viwili vilivyopandishwa, kimoja juu ya kingine.

Kisha nikafungua daftari la zamani. Tatu zote za kitabu kile kizima zina paa.

Sitaki kuuliza. Nilipokuwa mdogo baba alisema uliwahi kuwa karani "mahali fulani", kisha akabadilisha mazungumzo, na mimi sikujali. Sasa najali. Uliwahi kufanya kazi wapi?

Jambo jingine. Nimefanya ulichosema. Viwanja tisa vya kitalu kile havikuandikwa pamoja, viliandikwa kwa tarehe za maombi, vimetawanyika katika madaftari matatu. Hakuna aliyewahi kuvikusanya. Nimevikusanya mimi, kimyakimya, wakati wenzangu wanakunywa chai. Nimepata saba: 31, 32, 34, 35, 36, 37, 39. Ukurasa wa doa ndio unaotimiza kurasa nane. Ukurasa wa tisa siuoni popote. Nimebaki na mapacha wako: tatu na nane.

Nimeishiwa hapo.

Penseli

*

24 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kinyozi wako mwambie asante.

Leo sina habari za jino wala za vifutio. Nilipoona namba ya sanduku nyuma ya bahasha yako ya kwanza, niliijua. Sanduku hilo nimelifungua kwa ufunguo wangu miaka sita. Hicho chumba kirefu chenye dirisha moja, meza yangu ilikuwa ya tatu kutoka mlangoni, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, nikiuwekea kipande cha boksi.

"Ya kwangu hiyo," najua umesema. Basi. Tumekaa meza moja.

Ukurasa ule niliuandika mimi. Meza ya pili alikaa kijana mmoja mcheshi, mwepesi wa kusaidia, leo ndiye Mkuu wako. Fundi viatu alipewa thelathini na tatu. Nilishaandika, wino bado unang'aa, kijana yule akainama begani kwangu akasema, "Dada, hiyo funga. Iwe nane. Wakubwa wanaitaka ile kona, na wewe si wa kupambana na wakubwa." Alisema kwa upole, kama anayekuonya juu ya mvua.

Mwanangu, nilianza kuifunga. Kalamu ilishuka hadi nusu ya mviringo. Kisha nikamwona yule fundi dirishani, amevaa aproni yake, anatusubiri na kofia mkononi, ananitabasamia. Nikashindwa. Nikaifuta kwa kidole gumba.

Kwa hiyo sikukataa, na sikukubali. Niliacha doa. Wiki ileile niliandika barua ya kuacha kazi, nikampa baba yako sababu nusu, nikahamia huku. Nilijiambia kwamba doa si uongo, kwamba halimdhuru mtu. Nimeishi na doa lile miaka ishirini na miwili nikilisifu. Na lilikuwa linakungoja wewe mwisho wa fumbo.

Ndiyo maana nilinyamaza Machi. Mafua sikuwa nayo.

Sasa nisikilize kama mwalimu. Neno langu haliwezi kukusaidia. Ni neno la mtu aliyekimbia. Tafuta kitu kinachosimama chenyewe. Katika kila ukurasa wa kiwanja, upande wa kulia chini, kuna mahali pa mipaka: kaskazini anapakana na nani, kusini nani. Hakuna anayepasoma. Kwenye ukurasa wa doa sikupajaza, nilikimbia kabla, ila wewe pasome kwa wote saba. Nenda kwa majirani.

Na usiniombe nije. Najua utataka. Siwezi kupanda zile ngazi na kumkuta mtu yule ameketi. Mbele ya baraza nitaulizwa kwa nini nilinyamaza, na jibu langu halina sura nzuri. Siji.

Shangazi yako

*

14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Baba hajambo, mama hajambo, mdogo wangu hajambo. Mimi nimesimamishwa kazi.

Nilisoma mipaka ya wote saba. Kurasa za 32 na 36 ziliandikwa kabla fundi viatu hajapewa chake, upande wa kona pana neno "wazi" tu. Viwanja vya kitalu kile vimepangwa vitatu vitatu, mistari mitatu. Shangazi, ni chumba cha sudoku! Safu ya juu 31, 32, 33. Ya kati 34, 35, 36. Ya chini 37, 38, 39. Ukurasa wa 37, penye mashariki, umeandikwa kwa mwandiko wako wenye paa: "tangi la maji la umma." Ukurasa wa 39, penye magharibi: "tangi la maji la umma." Kiwanja kilichoko kati ya hao wawili ni kimoja tu. Ndiyo maana thelathini na nane haina ukurasa. Hakikuwahi kupewa mtu, kilikuwa cha tangi, na vile vyuma vyenye kutu kwenye magugu ni miguu yake. Fundi viatu hangeweza kupewa nane hata angeitaka. Anabaki mmoja, na huyo ndiye mwenye nyumba.

Nilikagua mara tatu nikitafuta mahali nilipokisia. Sikupaona.

Tarehe kumi Mkuu alileta kiti, akakaa ubavuni kwangu, goti lake likigusa langu. Akafungua daftari jipya kwenye ukurasa ule, zile 3 na 8 za penseli zikiwa pembeni, akaniwekea kalamu mkononi.

"Leo tunamaliza, Penseli. Wino."

"Sawa, Mkuu."

Nikaandika 3. Niliipa paa. Chini yake, mahali pa maelezo, nikaandika: angalia mipaka ya 37 na 39. Nikaweka jina na saini. Ajabu ni kwamba mkono haukutetemeka kabisa.

Hakufoka. Alisema tu, "Nenda nyumbani, ukapumzike mpaka uitwe." Alinipokonya funguo za kabati, lakini kabla ya saa sita mwenyekiti wa baraza, mama mmoja mwenye sauti ndogo, alikuwa ameshapokea nakala yangu ya kurasa tatu. Nilikuwa nimemtumia jana yake. Ameamuru madaftari ya zamani yasiguswe.

Sasa Mkuu amepeleka maelezo yake. Anasema tangi lilijengwa baadaye. Anasema mipaka hiyo iliongezwa na mtu. Anasema juu ya doa pana kipande cha mstari mnyoofu kilichotokeza, na hicho ni mkwaruzo tu, na kwamba mapaa ya tatu nyingine yaliongezwa na mtu huyohuyo, kwa sababu hakuna karani wa masijala aliyewahi kuandika tatu kwa namna hiyo. Anajua yupo. Fumbo lako analo yeye, wala hataonyesha.

Mwenyekiti ameniuliza: "Kijana, huyo aliyeandika kitabu hiki yuko hai?"

Nimesema nitamjibu tarehe 27. Umeniambia nisikuombe uje, na sikuombi. Lakini nikisema "sijui" nitakuwa nimepakaa wino kwa kidole gumba changu mwenyewe.

Jana nilipita kwa fundi cherehani. Ameanza kufunga vitambaa kwenye mabunda, cherehani moja ameshaifungua vipande. Nikamwambia namba yake imepona. Akasema, "Imepona kwako. Nangoja iponee mezani." Kisha akanipimia shati bila kuniuliza, akidai siwezi kusimama mbele ya baraza na kola iliyochanika.

Mwezi wa pili nilikusihi ufiche kila neno, hata panya wasijue. Naondoa sharti hilo. Kama utakuja, chukua barua zangu zote, na yale mafumbo yako ya zamani ya magazeti ambayo mama anasema hutupi hata moja. Miaka ishirini na miwili ya tatu zenye paa. Hayo hakuna anayeweza kusema yaliongezwa na mtu.

Kama hutakuja, nitaelewa, na nitaendelea kukuamkia.

Mtoto wa kaka yako

*

26 Juni, kwa mkono wa kinyozi

Mwanangu,

Marahaba. Hii nimeiandika kwenye kiti cha kinyozi, anasubiri niondoke amnyoe mteja.

Nimefika. Sitafikia nyumbani, maana baba yako akiniona atalia kwanza ndipo aulize, na mimi sina muda wa kufutwa machozi na mtu mwenye fimbo kwapani. Mwambie kesho jioni nitakuja kula, na nitamweleza ile nusu nyingine ya sababu.

Asubuhi hii nilipita pale kwenye kona. Sikujitambulisha. Nilijifanya nataka kupunguziwa gauni. Ana macho ya baba yake. Akaniambia, "Pole mama, sipokei kazi mpya mpaka Jumatatu, kama nitakuwepo." Nikamwambia nitarudi Jumatatu. Gauni nimemwachia.

Mkuu wako nimemwona kwa mbali akishuka zile ngazi. Amenenepa. Nikageukia ukutani mpaka akapita.

Nina sanduku moja la bati, limejaa magazeti, zito kuliko mimi. Uje unisaidie kulibeba saa mbili kamili asubuhi, baraza linaanza saa tatu. Vaa hilo shati jipya. Niko nyumba ya wageni iliyo nyuma ya stendi, yenye geti la kijani. Usiulize mapokezi, binti wa pale anapenda habari. Panda ngazi, pita mtungi wa maji, mkono wa kushoto. Chumba changu kiko mwisho wa ukumbi. Namba ya mlangoni rangi imebanduka, ukiitazama inaweza kuwa tatu, inaweza kuwa nane.

Usikisie. Gonga, nitaitika.

Shangazi yako